Merikani Haikuwa Kwenye Kamba

Mama mkwe wangu hakuwa mchawi, hakuwa mchoyo, wala hakuwa na mdomo mchafu. Ugonjwa wake ulikuwa nguo. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asidhani namchafulia jina marehemu. Nilimpenda, na yeye alinipenda kwa namna yake ya kunifokea. Lakini mchuuzi akipita kwenye njia ya Kabambare na robota lake, anatangaza nguo mpya, mama alikuwa anauacha mchele motoni na kutoka nje hivyo hivyo, mwiko mkononi.

Wajukuu wangu hawaelewi ninapowaambia kwamba siku zile hapa Kasongo nguo ndiyo ilikuwa fedha. Chumvi ulinunua kwa nguo, mbuzi kwa nguo, hata watu, Mungu atusamehe, walinunuliwa kwa nguo. Nguo yenyewe ya kununulia ilikuwa merikani, ile nyeupe, nzito, isiyo na ua wala mstari, inayopimwa kwa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Leso na visutu vya rangi vilikuwa vya kujipamba. Ukitaka leso unatoa merikani. Kwa hiyo nyumba zetu zilikuwa na nguo za kuvaa na nguo za kutumia, na zote zililala chumba kimoja.

Mume wangu aliondoka na msafara kwenda Ujiji, amebeba pembe za tajiri wake, mtoto wetu wa kwanza akiwa hajaanza kukaa. Kabla ya kuondoka aliniita ndani na kunionyesha robota la merikani lililofungwa kwa kamba ya magome, liko juu ya uchaga, chumbani kwa mama yake.

“Hii ni mahari yako iliyobaki,” akasema. “Baba yako mudogo akikuja, mumupe yote. Ukiweza, angalia mama na wachuuzi. Atamaliza nyumba.”

Nicheke au nilie? Mimi bado mgeni kwao, mtoto wa Kibangubangu kutoka upande wa Lusangi, Kiswahili chenyewe nakitafuna, halafu nimwangalie mama mwenye nyumba asinunue nguo. Lakini lile robota lilinihusu kuliko mtu yeyote. Kwetu mahari isipokwisha, mke hajawa wa watu waliomchukua, na mtoto anayezaliwa si wao. Baba mdogo, aliyenilea baba yangu alipokufa, alikuwa ameshasema: kiangazi kijacho atakuja kumalizia. Mahari ikiwa pungufu, anarudi na mimi na mtoto mgongoni. Hakuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na mimi mwenyewe niliona ni haki.

Nilianza kwa hila ndogo. Siku moja nikamwambia mama kwamba mende wameingia sandukuni, tutoe nguo zote tuzianike na kuzifukiza. Alikubali, maana hakuna kitu alichokipenda kama kuzishika nguo zake. Tukatandaza mikeka uani, tukatoa. Tulitoa mpaka mikeka ikajaa, tukaazima mkeka wa jirani nao ukajaa, na sanduku bado lina nguo. Mama mwenyewe alisimama katikati ya uwanja ameshika kiuno, anazunguka polepole, anatazama.

“Hizi zote ni zangu?” akauliza.

“Ni zako, mama.”

Kilichomshtua zaidi ni visutu. Alikuwa na kisutu chekundu chenye maua meusi, alikinunua kwa jina la “Kanichagua Mimi”. Chini yake kulikuwa na kingine alichouziwa kwa jina la “Wivu wa Jirani”. Na kingine tena, bado hakijakatwa, mchuuzi alikiita “Safari ya Ujiji”. Nikaviweka kimoja juu ya kingine mbele yake. Vilikuwa nguo moja. Ua lile lile, mstari ule ule, hata madoa ya kiwandani mahali pale pale. Mchuuzi alikuwa anabadilisha jina kila msafara, na mama analipa merikani kwa jina.

Mama akakaa chini juu ya nguo zake. “Yule mwanaharamu,” akasema taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa aliougua. Alikuwa amepigwa na butwaa kweli kweli, mkono uko kwenye shavu, na mimi nikaona hapa ndipo pa kuingilia.

Kusoma sikujua, yeye hali kadhalika. Nikafanya kama bibi yangu alivyofanya na mbegu zake za mboga: alikuwa anafunga punje ya kila mbegu kwenye kamba moja, akigusa kamba anajua ana nini akibani. Nikasokota kamba ya katani, nikavuta uzi mmoja kwenye pindo la kila nguo, nikaufunga pale. Uzi mwekundu, uzi wa njano, uzi wa kaniki. Kamba ikatundikwa mlangoni. Tukapatana kwamba mchuuzi akija, mama aguse kamba kwanza. Akiona rangi ile anayo, asinunue. Akiona hana na roho inamtoka, basi moja ikiingia, moja itoke, na uzi wake ufunguliwe.

“Na merikani?” mama akauliza siku ile. Namkumbuka vizuri, alikuwa anatafuna tangawizi. “Nayo tuitie uzi?”

“Merikani si nguo, mama. Ni mali. Ile tuiache.”

Akaitikia kwa kichwa.

Miezi ile iliyofuata nilitembea Kasongo shingo juu. Kamba ilifanya kazi. Mchuuzi akiita, mama anaingia ndani, anapapasa nyuzi, mara nyingine anatoka na kumwambia, “Hii iko, uliniuzia zamani kwa jina lingine,” na mchuuzi anabaki kinywa wazi. Mara nyingine alinunua. Lakini kila akinunua alikuja mwenyewe kuniambia, ananipa nguo mpya nivute uzi, na ananionyesha uzi wa nguo iliyotoka. Kamba haikunenepa. Rangi zilibadilika, unene ni ule ule. Nikajua anabadilishana na mchuuzi, anampa kuukuu na kuongeza mafuta kidogo au mchele wa shamba letu. Sikumuuliza. Utamuulizaje mama mkwe wako namna anavyolipa, wakati ameacha ulevi wake kwa heshima yako?

Kiangazi kikaingia, mume wangu hajarudi. Msafara uliokuja ukasema ule wa mume wangu umekwama ng'ambo ya ziwa, wapagazi wanaugua. Sikuwa na hofu ya mahari, maana robota liko juu ya uchaga. Kila nikiingia chumbani kwa mama kufagia nililiona, jeupe, limefungwa vile vile.

Halafu kukawa na harusi mtaa wa chini. Nilikuwa nimekaa na wanawake tunachambua mchele, mbele yangu kuna jirani yetu, mjane, amevaa kisutu chekundu chenye maua meusi. Nikatabasamu, nikasema moyoni, naye ameuziwa jina. Alipoinama kuchukua ungo nikaona pindoni kiraka kidogo cha buluu. Kiraka kile nilikishona mimi. Kaa la udi liliruka siku tunafukiza, likatoboa, na sikuwa na uzi mwekundu, nikashonea wa kaniki.

“Dada,” nikamwambia, “nguo nzuri hiyo. Umenunua kwa nani?”

“Ninunue na nini, mimi? Mama mukwe wako alinipa. Mungu amubariki yule mama, hata huyu naye amemupa.” Akamwonyesha kidole mwenzake aliyekaa jikoni, na yule akashika leso yake ya njano, akainyanyua niione. Niliijua. Uzi wake nilikuwa nimeufungua kwa vidole vyangu.

Ungo ulinitoka mkononi. Mchele ukamwagika wote mchangani, wanawake wakaanza kuniuliza kama ni kizunguzungu, wakaniletea maji. Sikuyanywa. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu: kama zile nguo kuukuu zilikuwa zinagawiwa kwa majirani, basi mchuuzi alikuwa analipwa na nini?

Nilifika nyumbani mbio, mtoto analia mgongoni. Mama hayuko, alikuwa kisimani. Nikapanda juu ya kitanda chake, nikalivuta robota kutoka uchagani. Lilikuja jepesi. Hata kabla ya kufungua, mikono ilikwisha kujua. Nikakata kamba. Juu, mkunjo mmoja wa merikani, safi. Chini yake viramba, vile vitambaa vya nyuzi za mitende wanavyosuka watu wa mwituni, ambavyo sokoni hununui navyo hata mkungu wa ndizi. Vimepangwa vizuri, vimekunjwa kwa upana ule ule, ili robota lisilegee.

Mama alinikuta nimekaa pale chini, viramba vimenizunguka. Akautua mtungi. Hakukana. Hilo ndilo lililoniua zaidi, hakukana hata kidogo.

“Ulisema moja ikiingia, moja itoke,” akasema. “Kuna iliyoingia bila ingine kutoka?”

“Mama, hii ni mahari yangu.”

“Ulisema merikani si nguo. Nikakuuliza, ukasema tuiache.” Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya kadhi, na macho yamemtoka. “Mutoto wangu atarudi na mizigo. Nilisema atarudi mbele ya kiangazi. Ningelijaza. Haki ya Mungu ningelijaza, mwanangu.”

Nilitaka kumtukana, na tusi lenyewe sikulipata. Mlango ule nilimwachia wazi mimi, kwa mdomo wangu. Tulitazamana pale chumbani, wote wawili tumeshangaa, kana kwamba mtu wa tatu ndiye aliyeingia akatuibia.

Juma lile halikuisha, baba mdogo akafika.

Alikuja na ndugu wengine wa kwetu, wamechoka njia, wamebeba asali na kuku kwa ajili ya mtoto. Alimpakata, akamnusa kichwani kama tunavyofanya, akampa jina la utani la babu yangu. Kisha, baada ya kula, akaomba mkeka utandikwe uani. Alisema kwa adabu kabisa. Akataja kilichoahidiwa, akataja kilicholipwa, akanyoosha mkono wake juu ya mkeka, kiwiko chini, tayari kupima.

Mama alileta ule mkunjo mmoja wa merikani. Baba mdogo akaupima, akauweka kando, akangoja. Akadhani ni wa kufungulia. Alipoona hakuna kingine kinachokuja, akanitazama mimi.

“Imebaki wapi?”

“Bwana wake iko njiani,” mama akasema. “Tungojee mwezi mmoja.”

“Nilingoja mwaka jana, mama. Na mwaka mwingine mbele yake.” Hakupaza sauti. Akamkabidhi mtoto kwa ndugu yake aliye nyuma, naye akaanza kumfunga mgongoni.

Niliona lile fundo la mbeleko likikazwa kifuani kwa mwanamume. Mama aliona pia. Aliinuka mbio kuliko umri wake, akaingia ndani, akatoka na sanduku analikokota. Akamwaga nguo zote juu ya mkeka, za njano, nyekundu, za maua, za mistari. Mchuuzi mwenyewe hakuwahi kutandaza mali namna ile.

“Chukua zote.”

Baba mdogo aliokota moja, akaisugua na mate, akatazama kidole. “Hii inatoka rangi. Kule kwetu hii haijengi mahari.” Lakini hakuwa na roho ngumu. Akachagua zilizo nzito, akazihesabu kwa nusu ya thamani ya merikani, akaanza kupima. Mimi niliishusha kamba kutoka mlangoni, sijui hata kwa nini. Kila nguo aliyoiweka kwake nilifungua uzi wake. Mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya. Kamba ikaisha, zikabaki nyuzi za kaniki aliyovaa mama na ya kwangu niliyovaa mimi.

“Bado,” akasema baba mdogo. “Vazi moja zima. Jeupe.” Ilionekana kumuuma kusema. “Nikirudi bila hilo, wazee watauliza kama nimekula mimi.”

Mama akaingia tena ndani, na safari hii alikawia. Alipotoka alikuwa amebeba kitu kimefungwa ndani ya mkeka mdogo, mwembamba, uliosokotwa kwa ukindu. Akaufungua mbele ya baba mdogo.

Ilikuwa merikani ambayo haijapata kuguswa. Nyeupe hata jua likaumiza macho. Lakini kabla sijaiona vizuri nilisikia harufu. Kafuri. Kafuri na karafuu. Kwenye mji ule kila mtu mzima aliijua harufu ile, na hakuna aliyeivaa kwenda harusini.

Ilikuwa sanda yake. Marehemu mume wake alimletea kutoka Ujiji, nilikuja kuambiwa baadaye, na yeye aliilalia chini ya godoro miaka yote ile. Mwanamke aliyeshindwa kumpita mchuuzi, aliyeuza mahari ya mkwe wake, ile hakuigusa. Nami sikujua hata kama ipo. Nayo haikuwa kwenye kamba.

Watu wetu wa milimani siku zile hawakuwa Waislamu. Baba mdogo aliivuta, akaikunjua, akaipima kwa mkono wake mara moja, mara ya pili, anafurahi. Akaileta puani.

“Nguo nzuri hii,” akasema. “Inanukia.”

Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa naenda kusema, baba, iache, hiyo ni ya kaburi. Mama akanitazama. Hakutikisa kichwa wala kufinya jicho, alinitazama tu, kisha akamtazama mtoto mgongoni mwa mgeni, kisha akanirudia mimi. Nikafunga mdomo. Mpaka leo nikisikia kafuri, meno yanauma.

“Imetosha,” baba mdogo akasema. Mtoto akafunguliwa mgongoni, nikapewa. Alikuwa amelala, hana habari. Wakanywa maji, wakabariki nyumba kwa lugha yetu, wakafunga mizigo. Ile nyeupe baba mdogo hakuifunga. Aliona ni nzuri mno kufichwa mzigoni, akaitupia begani, upande mmoja ukaning'inia mgongoni.

Nikawasindikiza mpaka mwisho wa ua na mama yuko pembeni yangu. Tukaiona sanda yake ikishika njia ya Kabambare kwa miguu, inapeperuka, inapita mbele ya nyumba za watu. Mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa kibarazani kwake alipigwa na upepo wa harufu ile, akasimama, akaanza kusoma Fatiha bila kujua ni ya nani. Niliogopa kumtazama mama usoni. Nilipomtazama, alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia.

“Imenipendeza hata mbali,” akasema. Akarudi ndani.

Jioni nilimkuta amekaa mlangoni, ameshika kamba yetu iliyobaki mifupa. Nikadhani anataka kuitupa. Akaniita nimlete mtoto. Akalikamata pindo la mbeleko, ile kaniki kuukuu niliyombebea tangu azaliwe, akavuta uzi kwa meno, akaufunga mwanzo kabisa wa kamba, fundo juu ya fundo.

“Huyu naye hatukumutia,” akasema. “Nilimutoa pamoja na merikani, sikumuona.”

Hapo ndipo alipolia. Nami nikakaa chini, nikalia naye, mtoto katikati anatushangaa.

Mume wangu alirudi mvua zilipoanza, amekonda, hana mizigo. Hatukumwambia ilivyokwenda. Alikuta mahari imelipwa, akatushukuru wote wawili, na sisi tukaitikia. Mchuuzi naye aliendelea kupita na majina yake mapya. Mama alitoka kumsikiliza kila mara, hakuacha kupenda, macho yakimeta kama ya msichana. Akishika nguo, akiikunjua, akiijaribu kichwani, alinipigia kelele ndani:

“Iko?”

Alikuwa anaulizia uzi mweupe. Merikani ya kwanza niliyoipata kwa karanga zangu, mafungu kwa mafungu, niliitia kafuri na kuiweka chini ya godoro lake, na uzi wake nikaufunga kwenye kamba, jirani na uzi wa mtoto.

“Iko, mama,” namjibu.

“Basi,” anamwambia mchuuzi, na kumrudishia nguo yake.

Aliuliza hivyo mpaka mwaka alipolala asiamke, hata siku ambazo hapakuwa na mchuuzi, macho yamekwisha kufa na anapapasa kamba kwa vidole. Waosha maiti walipotoka kuniomba sanda, niliwapa. Kisha nikaenda mlangoni nikaufungua uzi mweupe, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kanuni yetu. Ule wa mtoto niliuacha.